Gazeti Likirudi, Piga Hodi

Vijana wa kamati ya Jirani,

Nyambura, mhariri wenu mpya, aliniomba nusu ukurasa. Tulikuwa mlangoni mwa kanisa, kofia ya sufi imemfunika mpaka nyusi. "Kitu kifupi cha kuaga, Shangazi," aliniambia. "Kuhusu ile kazi yako ya zamani, ya gazeti la Wajerumani. Halafu tunafunga."

Mnachofunga nakijua. Mmepanga kwamba toleo hili la Jirani, gazeti letu la Kiswahili, liwe la mwisho kuchapwa kwenye karatasi, na kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi kamati ikutane ukumbini ipitishe jambo hilo. Baada ya hapo Jirani litasomwa kwenye simu. Majina arobaini na matatu ya wanaopokea bahasha kwa posta yatafutwa, isipokuwa ya wale watakaojibu ujumbe wenu. Hadi jana walikuwa wamejibu watatu.

Nusu ukurasa hautoshi, wala sikuja kuaga. Ninaandika kuwaomba msifute hata jina moja kabla ya kusoma haya mpaka mwisho. Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika gazeti la Kijerumani hapa hapa Toronto. Nililikuta hai, nikalizika, na najua liliuawa na nini. Na ninapoandika, mezani kwangu ipo bahasha ya Jirani iliyorudi kutoka Malton, kitongoji cha karibu na uwanja wa ndege. Jina juu yake ni la Mzee D'Souza na mkewe. Mtu ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa zamani ulionyooka: rudisha kwa mtumaji. Nitaifikia hiyo bahasha.

*

Mnaniuliza kila mara Msambaa alifikaje kwenye gazeti la Wajerumani. Nilizaliwa milimani Lushoto, na nilipomaliza shule niliajiriwa katika kiwanda cha chapa cha misheni. Sista mmoja Mjerumani alinifundisha kupanga herufi za chapa za madini ya risasi, moja moja, kutoka kwenye tundu zake. Alikuwa na sheria moja: kidole kikishika wino, pangusia ukutani, usiguse karatasi. Ukuta wa kiwanda kile ulikuwa mweusi mpaka usawa wa mabega yetu. Kijerumani nilikipata kwa kugombezwa. Nilijua kusema "tena!" na "mstari umepinda!" na "unaota?" kabla sijajua kusema "asubuhi njema".

Nilimfuata mume wangu Toronto, nikaanza kwa kutandika vitanda hotelini. Siku moja nikaona tangazo dirishani kwenye duka la soseji: anatafutwa mtu anayejua kupanga chapa. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka hilo, na kwa miaka thelathini na mmoja nguo zangu zilinuka moshi wa soseji. Watoto wangu walikuwa wakijua nimeingia ndani kabla sijafungua mdomo.

Mwenye gazeti aliitwa Bwana Lindemann. Mtu mrefu, mwenye koti la sufi hata mwezi wa saba.

"Umetoka wapi?"

"Lushoto. Tanzania."

"Huko wanasema Kijerumani?"

"Alikuwepo sista mmoja. Yeye hakusema, alikuwa akipiga kelele."

Hakucheka. Alinisukumia bamba la chuma lenye maandishi yaliyogeuzwa kinyume, kama yalivyo maandishi yote ya kuchapia, kwa zile herufi zao za kale zenye pembe kama miiba. "Nisomee."

"Ni jina la gazeti lako," nikasema. "Na herufi ya nne imepasuka mguu."

Alivaa miwani, akatazama, akavua miwani. "Imepasuka tangu lini?"

"Sijui, Bwana. Mimi nimefika leo."

Nilianza kazi Jumatatu yake.

Lile bamba ndilo historia yenyewe ya gazeti. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mjumbe wa Ijumaa. Baba yake Lindemann alilianzisha katika mji mdogo karibu na Mto Danube, nchi ambayo Wajerumani walikuwa wachache, wakiishi kati ya Waserbia, Wahungari na Waromania tangu enzi za mababu zao. Vita vilipokwisha walifukuzwa. Mzee huyo aliacha mashine, nyumba na ng'ombe wawili, akalifunga lile bamba kwenye blanketi la mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa Lindemann, na aliniambia kwamba anachokumbuka katika safari ile ni baridi, kwa sababu blanketi lake lilikuwa limepewa chuma. Walipofika Toronto, baba alianza kuchapa tena akiwa kwenye gereji ya mtu.

Kwa hiyo walikuwa wachache kule, na hapa wakawa wachache tena. Wasomaji wao walitapakaa kuanzia mjini hadi kwenye mashamba ya tumbaku huko kusini. Wengi hawakuwa wameiona Ujerumani hata siku moja. Nchi yao ilikuwa vijiji ambavyo vilikwisha kubadilishwa majina. Kama hilo halikukumbushi mtu yeyote, Nyambura, muulize mama yako anaposema "nyumbani" huwa anamaanisha wapi hasa.

*

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa na masanduku mawili ya mbao yenye kadi, moja la walio hai na moja la waliokufa. Kila msomaji alikuwa na kadi yake, na mstari wa kwanza haukuwa jina. Ulikuwa kijiji alichozaliwa, kwa jina lake la zamani. Majina yao yalijirudia mno. Kina Johann walikuwa wengi kuliko viti vya kanisa, lakini Johann wa kijiji fulani, mwana wa fundi magurudumu, alikuwa mmoja tu.

Ukurasa uliosomwa kwanza ulikuwa wa saba, wa tanzia. "Ukurasa wa kwanza ni wa serikali," Lindemann alikuwa akisema. "Wa saba ni wa watu." Na alinifundisha jambo moja ambalo nawapa bure:

"Frau Tabitha," aliniambia, yaani Bi Tabitha, maana Shemzigwa, jina langu la ukoo, lilimshinda mpaka kaburini, "mtu akipiga simu kuleta tanzia, muulize kwanza marehemu alizaliwa wapi. Usianze na lini alikufa. Ukianza na kifo atalia na hutaandika kitu. Ukianza na kuzaliwa, atavuta kiti."

Ni kweli. Nimesikia viti vikivutwa kwenye simu mamia ya mara.

Mbinu nyingine zilibadilika. Nilipofika, herufi za risasi zilikuwa zimebaki kwa kadi za harusi tu. Gazeti tulilipanga kwa vipande vya karatasi: habari ilichapwa kwenye utepe mrefu, ukaupaka nta nyuma, ukaukata, ukaubandika kwenye ukurasa. Kazi nzuri, ila nta haichagui pa kushika. Alhamisi moja tulitafuta kichwa cha habari kuu mpaka tukahamisha makabati. Hatukukiona, nikapanga kingine. Jioni nikiwa kwenye treni, mzee mmoja akanigusa begani. "Mama," akasema, "unasomeka." Kichwa cha habari kilikuwa kwenye kiwiko cha sweta yangu.

Baadaye ikaja kompyuta, na kompyuta sikuichukia. Wanaosema Shangazi Tabitha anaogopa simu hawajui kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Lindemann kutumia kipanya, na nilikuwa mkali kuliko sista. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Hoja yangu haihusu karatasi na simu. Inahusu kosa nililofanya mwaka wangu wa pili.

*

Gazeti la posta lina tabia ya kurudi. Msomaji akihama, akifa, au namba ya nyumba ikikosewa, postamani hulirudisha. Kila Jumanne nilikuta rundo dogo mlangoni. Sheria ya ofisi ilikuwa: likirudi, piga simu, simu isipopokewa, mpigie jirani yake wa kijiji, jirani asipojua, panda basi. Niliona ni upotevu wa muda. Nilikuwa kijana, mwepesi wa mikono, na nilijivunia kwamba ukurasa wangu uliisha mapema kuliko wa mtu yeyote.

Mwezi wa kumi likarudi gazeti la Bi Krämer. Nilipiga simu mara moja, ikasema namba hiyo haitumiki tena. Nikatazama kadi: miaka themanini na sita, mjane, hana watoto. Nikafanya hesabu yangu kichwani na kuhamisha kadi kutoka sanduku la kwanza kwenda la pili. Sekunde tatu. Nakumbuka hata sauti ya kadi ilipoingia.

Sikuwa nimefikiria toleo la kufunga mwaka. Gazeti lile lilikuwa na desturi: toleo la mwisho wa mwaka lilikuwa na ukurasa mzima wenye ukingo mweusi, na ndani yake majina ya wote waliofariki mwaka huo, kila jina chini ya kijiji chake. Wasomaji waliukata na kuuweka ndani ya Biblia. Na orodha niliiandaa mimi, kutoka sanduku la pili.

Jumatatu ya kwanza ya mwaka mpya simu ililia.

"Mjumbe wa Ijumaa, habari za asubuhi."

"Asubuhi njema. Huyu ni marehemu Krämer."

Nilidhani ni mzaha. Sauti ilikuwa nyembamba lakini imara kama uzi wa kushonea viatu.

"Nimesoma nimekufa. Muuguzi ndiye aliyeniletea gazeti, kalipata kwa mgonjwa mwingine. Watu wa kijiji changu wamekwisha kuniombea misa ya wafu. Sasa nitakwenda mbinguni mara mbili. Lakini kabla ya hapo nataka magazeti yangu. Nayasubiri tangu mwezi wa kumi."

Alikuwa amevunjika nyonga, wakamhamishia nyumba ya wazee huko Richmond Hill. Aliwaomba wamwandikie posta wabadilishe anwani, na hawakuandika. Kila Ijumaa alikaa karibu na dirisha. Ijumaa ya tatu aliamini gazeti limefungwa. Ya sita aliamini kwamba gazeti lipo, ila yeye amesahauliwa. Imani hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa sahihi.

Nilimweleza Lindemann nikiwa nimesimama, maana nilijua nafukuzwa.

"Ulipiga simu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Jirani wa kijiji?"

"Sikumpigia."

"Basi ulipanda?"

Nikatikisa kichwa. Lindemann akainuka, akaenda kabatini, akatoa matoleo yote ambayo Bi Krämer alikuwa ameyakosa, akayafunga kwa kamba.

"Sitakufukuza. Nikikufukuza utapata kazi nyingine na yeye atabaki hivyo hivyo. Utampelekea haya. Na utayasoma yote, kwa sauti, mpaka aseme inatosha."

Nilipanda treni ya Yonge mpaka mwisho wa reli, halafu basi la kaskazini, siku ya theluji inayokwenda ubavu. Bi Krämer alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, amefungwa shali, macho yenye ukungu. Alinitazama, akatazama mzigo.

"Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ndiyo, Bibi. Ni mimi."

"Sikutegemea uje wewe mwenyewe. Vua koti. Anza na ukurasa wa saba."

Nikasoma. Kila jina alilonisikia nikilitaja alilisahihisha: huyu alikuwa na kaka, huyu mama yake alikuwa akioka mikate, huyu alinipenda, mjinga. Lafudhi yangu ya Lushoto ilimchekesha. Jioni ilipoingia nilikuwa nimemaliza matoleo mawili tu. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alipokufa kweli, miaka minne baadaye, tanzia niliiandika mimi, na sikuhitaji kumpigia mtu simu kuuliza alizaliwa wapi.

Tangu siku ile sikuhamisha kadi yoyote bila kuona mlango wa mtu kwa macho yangu au ya jirani yake. Nilifika Scarborough, Hamilton, mashamba ya tumbaku. Nilibisha hodi kwenye milango iliyofunguliwa na watu waliomtarajia mtu yeyote isipokuwa mwanamke wa Kisambaa mwenye gazeti la Kijerumani kwapani. Na mara nyingi gazeti lililorudi lilikuwa habari kubwa kuliko zote zilizokuwa ndani yake.

*

Gazeti lilikufaje basi? Watu husema mtandao. Wengine husema wazee walikwisha. Mimi nilikuwa ndani, sikubaliani na wote.

Kosa moja lilikuwa la Lindemann mwenyewe. Wajukuu wa wasomaji walisema Kiingereza. Nilimwambia tuweke ukurasa mmoja wa Kiingereza ili mjukuu apate pa kuingilia, halafu akikaa ndani tutamsogeza. Aligoma. "Mlango wa pili ni wa kutokea," alisema. Tuligombana juu ya hilo kwa miaka. Nilimheshimu, na alikosea. Ndiyo maana sikulalamika mlipoanza kuweka Kiingereza na Sheng kwenye kurasa zenu za vijana, ingawa nusu yake sielewi na nusu nyingine naomba nisielewe.

Kosa lililoua lilikuja baadaye. Lindemann alipata kiharusi, na gazeti likashikwa na mpwa wake, kijana nadhifu, mwenye adabu. Aliingiza kadi zote kwenye kompyuta, jambo jema. Kisha akaipa kompyuta amri: gazeti likirudi mara mbili, futa jina. Nilipinga.

"Bi Tabitha," aliniambia kwa upole, "hatuwezi kuwatumia watu wasiokuwepo."

"Umejuaje hawapo?"

"Gazeti limerudi."

"Hiyo ni habari ya gazeti. Ya mtu bado hujaipata."

Alitabasamu kama mnavyonitabasamia ninyi. Kompyuta ilifuta vizuri sana. Kila aliyevunjika nyonga, kila aliyehamia kwa binti yake, kila ambaye namba yake ya nyumba ilikosewa, alifutwa. Na kwa kuwa hakuna aliyekwenda kubisha, hakuna aliyejua. Ukurasa wa saba ukawa nusu ukurasa, kisha robo. Wasomaji waliobaki wakaanza kuulizana: mbona hatuoni watu wetu? Gazeti halijui tena nani amekufa, litajua nini? Wakaacha kujiandikisha upya. Mkitafuta siku ya kifo chake, msiitafute siku tuliyofunga ofisi. Lilikufa siku tulipoacha kupanda basi.

Tulipofunga, mpwa alituma barua moja kwa wote. Mimi nilikaa na simu siku nane, nikampigia kila aliyebaki. Mzee mmoja kule kwenye mashamba aliniuliza, "Sasa Ijumaa nitafanya nini?" Nilijiapiza kwamba gazeti lingine likipita mikononi mwangu, swali hilo halitaulizwa kwa uzembe wangu.

*

Hayo niliyaandika wiki iliyopita. Yafuatayo nayaandika baada ya Malton.

Nilimpigia Nyambura nikamwambia juu ya bahasha.

"Aki Shangazi, si labda amehama tu?"

"Basi tutajua kahamia wapi."

"Tungempigia simu kwanza?"

"Nimepiga mara nne. Inaita tu. Mimi kesho napanda basi la Lawrence mpaka mwisho wake."

Kisha akapumua ile pumzi yenu. "Usipande basi, kuna barafu. Nitakuja na gari. Lakini Shangazi, nusu saa tu. Niko na mkutano wa kazi."

Njiani alinieleza, kwa heshima, kwamba watu wanaopokea karatasi hawasomi. "Tumewatumia meseji mara tatu. Wangekuwa wanajali wangejibu." Nikamwambia ajaribu kuwaza mtu anayejali kuliko wote na hana namna ya kujibu kwa simu. Akasema hilo ni fumbo. Nikasema ni Jumanne tu, siku ya magazeti kurudi, na ni kazi.

Wengi wenu hamumjui Mzee D'Souza. Ni Mgoa wa Kenya, alikuwa karani wa reli Nairobi kabla ya kuhamia huku, na Kiswahili chake ni kisafi kuliko cha kamati nzima. Yeye na mkewe, Mama Filomena, walikuwa kati ya watu wa kwanza kujiandikisha Jirani lilipoanza, miaka kumi na tisa iliyopita. Nyumba yao ni ya matofali mekundu, mtaa ambao ndege zinapita chini mpaka unaona matairi.

Alifungua mlango mwenyewe. Sweta, tai, viatu vya ndani. Alitazama bahasha mkononi mwangu.

"Wiki tano," alisema. "Nilikadiria mtafika wiki ya pili."

"Shikamoo, Mzee," akasema Nyambura.

"Marahaba, binti. Viatu hapo. Pita."

Sebuleni kulikuwa na viti viwili karibu na dirisha, na kimoja kilikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri mno. Nilijua kabla hajasema.

"Mzee, bahasha umeirudisha mwenyewe?"

"Kwa mkono huu huu." Alikaa polepole. "Filomena amefariki. Ilikuwa kabla ya Krismasi. Watoto walitangaza kwenye simu, Kiingereza kizuri kabisa, na picha. Misa ilikuwa nzuri. Mimi sina hiyo simu yenu ya vidole. Halafu wiki mbili baadaye Jirani linaingia mlangoni: Bwana na Bibi D'Souza. Nikauliza, Bibi yupi? Miaka kumi na tisa alikuwa akinisomea gazeti hilo kila Jumapili baada ya chakula, maana macho yangu yalikwisha kuchoka. Nikasema, jirani gani huyu asiyejua nimefiwa? Nikachukua kalamu, nikarudisha."

"Pole sana, Mzee," Nyambura alisema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Kusema kweli, hatukujua."

"Najua hamkujua, mama. Ndiyo maana nikarudisha."

Ndege ikapita juu, vikombe vikatetemeka kabatini, tukasubiri imalizike kupita kama watu wote wa Malton wanavyosubiri. Nilikuwa na swali langu tayari, lile nililoliuliza miaka thelathini na mmoja. Nikalizuia. Sikuwa mhariri.

Nyambura alitoa simu yake, akaifungua ili aandike. Akaitazama. Akaizima, akairudisha mfukoni na kuniomba kalamu. Akaichukua ile bahasha kutoka mapajani mwangu, akaigeuza upande usioandikwa, akavuta kigoda karibu na kiti cha Mzee. Sikuwa nimemfundisha. Alikuwa hajasoma bado hata mstari mmoja wa kurasa hizi.

"Mzee," akasema, "Mama Filomena alizaliwa wapi?"

Mzee D'Souza akajiegemeza. "Kisumu," alisema. "Nyumba za reli, safu ya pili. Baba yake alikuwa na baiskeli ya kijani. Andika hiyo baiskeli, maana nilimwona kwanza amekaa nyuma yake."

Aliandika. Bahasha ilipojaa nikampa karatasi kutoka kwenye mkoba. Mkutano wake wa kazi ulipita, simu ikatetemeka mfukoni, hakuigusa. Alinirudisha kwa gari mpaka Lawrence Heights, na mlangoni kwangu akazima injini.

"Shangazi, Jumamosi nitasema mimi."

*

Jumamosi imepita. Mlikuwepo, kwa hiyo sitawasimulia maneno yenu wenyewe, isipokuwa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwepo: Nyambura aliweka bahasha ile mezani, akasoma alichoandika juu yake, na hakuna jina lililofutwa. Jirani litakwenda kwenye simu, na litakwenda pia kwenye karatasi kwa kila anayeihitaji. Tanzia ya Mama Filomena iko ukurasa wa tatu wa toleo hili, pamoja na baiskeli. Nakala ya Mzee haitapelekwa na posta. Nyambura ataipeleka Jumapili, baada ya chakula, na ataisoma kwa sauti. Kiswahili chake kitasahihishwa, na kitamfaa.

Imebaki kazi. Majina ni arobaini na matatu, na ninyi mko wanane. Kila mmoja amechukua matano. Piga simu, isipopokewa, muulize jirani, jirani asipojua, nenda ubishe hodi. Usirudi na neno "nadhani". Rudi na mahali alipozaliwa, mahali anapokaa sasa, na kama bado anataka gazeti lake.

Matatu yaliyobaki ni yangu. Moja ni la Mzee D'Souza, nimekwisha kulifikia. La pili ni la mama mmoja hapa hapa Lawrence Heights, jengo la pili kutoka kwangu, na naona aibu kwamba sijui hali yake. La tatu ni la Richmond Hill. Nyambura amesema atanipeleka kwa gari, nikamwambia aende kwa watu wake. Njia ya Richmond Hill naijua.